Kutembea Taratibu Baada ya Upasuaji: Mwongozo Kamili wa Kupona Karibu na Miti, Ndege na Anga

Kama umetoka kupasuliwa hivi karibuni, pole sana. Huenda kwenye karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa umeona mstari unaosema "tembea kidogo kidogo kila siku", basi. Haukueleza utembee wapi, kwa muda gani, ugeuze wakati gani, wala ufanye nini asubuhi ambayo mshono unavuta na moyo hautaki hata kuuona mlango. Hayo ndiyo tutakayoyapitia hapa, tangu kitandani hadi njia ndefu.

Nina msimamo mmoja nitakaoushika mwanzo hadi mwisho. Anayepona asitoke nje kutafuta idadi ya hatua. Atoke kwenda kuona kitu: mti fulani, kiota, kichuguu, mawingu ya jioni. Idadi humfanya mgonjwa ajilazimishe siku mbaya, kisha ajilaumu akishindwa. Kitu cha kuona humpa ruhusa ya kusimama bila aibu, kupumua, kutazama, na kurudi akiwa na hamu ya kwenda tena kesho. Hiyo hamu ya kesho ina thamani kubwa, kwa sababu kinachomjenga aliyepasuliwa ni matembezi mafupi yanayorudiwa, wala si safari moja ya kishujaa.

## Kwa nini kutembea, na kwa nini nje

Zamani aliyepasuliwa tumbo aliweza kulazwa wiki mbili au tatu bila kuruhusiwa kuinuka, kwa hofu kwamba mshono ungefumuka. Mwaka 1899 daktari Emil Ries wa Chicago alieleza kwamba alikuwa akiwainua wagonjwa wake mapema na wanapona vizuri, lakini wenzake wengi hawakumfuata. Ni katika miaka ya 1940, vita vilipojaza hospitali na vitanda vikawa haba, ndipo kuinuka mapema kulipoanza kuenea. Katika miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark aliunganisha jambo hilo na mengine, kama udhibiti bora wa maumivu na kula mapema, ukawa utaratibu unaofuatwa leo katika hospitali nyingi duniani.

Mwili una sababu zake. Misuli ya shavu la mguu inapokaza na kulegea husukuma damu irudi moyoni. Usipojongea, damu hutuama kwenye mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Ukilala muda mrefu, sehemu za chini za mapafu hazijazwi hewa vizuri na makohozi hukwama. Utumbo nao huzubaa kwa sababu ya nusukaputi na dawa kali za maumivu, na wengi huanza kusikia gesi ikishuka wanapoanza kuzungukazunguka. Misuli ya mapaja huanza kupungua ndani ya siku chache tu za kulala.

Hayo yote ungeweza kuyapata ukizunguka sebuleni. Kwa nini basi utoke nje? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti waliruhusiwa mapema kidogo, walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo, na wauguzi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Ni uchunguzi mdogo, na sitakuambia kwamba mti unafunga kidonda. Ninachosema ni kwamba maumivu yana sehemu ya mwilini na sehemu ya mawazo, na macho yakipata kitu cha kupendeza, ile sehemu ya mawazo hupungua. Anayepona anastahili nafuu hiyo, na haihitaji cheti cha daktari.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa yenye maelezo

Usitoke hospitalini na maneno "mazoezi mepesi" peke yake. Muulize daktari aliyekupasua, au muuguzi, na uandike majibu, maana siku za mwanzo kichwa husahau upesi:

- Naruhusiwa kuukanyagia mguu huu uzito wote, kiasi, au nisiukanyagie kabisa?
- Nisibebe kitu kinachozidi kilo ngapi, na hadi lini?
- Ngazi na vilima vipi?
- Kidonda kikilowa jasho au mvua nifanye nini?
- Dawa zipi kati ya hizi huleta kizunguzungu au usingizi?
- Kama natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nikianguka nifanye nini?
- Usiku nikipata shida, nipige simu wapi?

Swali la kwanza ni zito kuliko yote. Kuna upasuaji ambao kutembea mapema huharibu kazi iliyofanyika: wa nyayo au kifundo cha mguu, ngozi iliyopandikizwa mguuni, na baadhi ya upasuaji wa uti wa mgongo. Kwa hao, nje huanzia kwenye kiti cha magurudumu au kiti kilichowekwa kivulini, na sehemu kubwa ya maelezo haya bado inawahusu.

## Hatua ya 2: Anza na dirisha

Siku za kwanza, dirisha ndilo njia yako. Omba kitanda kisogezwe au mto uinuliwe ili macho yafike nje bila kukunja shingo. Kama dirisha linatazama ukuta, tafuta kipande cha anga. Mawingu hayakosi kazi.

Kisha unganisha kutazama na mazoezi uliyoagizwa. Ukiwa macho, kila saa vuta pumzi ndefu kama 10 kupitia puani, shika kidogo, toa taratibu. Badala ya kuhesabu ukitazama dari, chagua tawi moja na ulifuate kwa macho: likipanda unavuta, likishuka unatoa. Vilevile, huku umelala, vuta vidole vya miguu vije kwako kisha visukume mbali, mara kwa mara. Ndiyo namna ya kuifanyisha kazi misuli ya shavu la mguu kabla hujasimama. Ukitaka kukohoa na umepasuliwa tumbo au kifua, kumbatia mto ukiubana juu ya mshono. Maumivu hupungua sana, na hofu ya kukohoa nayo.

## Hatua ya 3: Inuka bila kuuvuta mshono

Aliyepasuliwa tumbo asijinyanyue moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, jiviringishe mzima mzima ulalie ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu ukingoni mwa kitanda huku mkono ukisukuma godoro, nawe utajikuta umekaa. Waliopasuliwa kifua kwa mfupa kukatwa kwa kawaida huagizwa wasijisukume kwa mikono, hivyo wao wafuate walivyofundishwa wodini.

Ukishakaa, tulia dakika moja au mbili. Shinikizo la damu la mtu aliyelala sana hushuka anapoinuka ghafla, na wengi huanguka hapo hapo kando ya kitanda kabla ya kupiga hatua hata moja. Chezesha miguu, tazama mbele, simama, hesabu pumzi kadhaa, ndipo uende. Kama dunia inazunguka, kaa tena. Hakuna aibu.

Kwa siku hizi za awali tembea ndani: kitanda hadi choo, choo hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Ukiweza kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku bila kizunguzungu, uko tayari kwa hewa ya nje.

## Hatua ya 4: Chagua njia kabla ya kuchagua siku

Tuma mtu akakague, au ikumbuke njia unayoijua. Njia nzuri ya mwanzo ina sifa hizi: ni tambarare, ardhi ni ngumu na kavu, haina mizizi iliyojitokeza wala majani mabichi yanayoteleza, ina kivuli, na ina mahali pa kukaa kila baada ya mwendo mfupi. Ukuta mfupi unatosha, au jiwe kubwa. Kama hakuna, msindikizaji abebe kiti chepesi.

Napendelea mzunguko mdogo unaopita mlangoni pako mara kwa mara kuliko njia nzuri inayokwenda mbali. Katika mzunguko, kila ukipita nyumbani unaulizwa upya: naendelea au naingia? Katika njia ya kwenda na kurudi, ukichoka mwisho wa njia una deni la kurudi, na hakuna wa kukulipia. Kama huna budi kutumia njia ya aina hiyo, geuza ukiwa umetumia theluthi tu ya nguvu unazodhani unazo.

Wakati wa siku nao uchague. Asubuhi mapema hewa ni baridi na ndege wana mengi ya kusema. Epuka jua kali na saa za msongamano, maana mtu mwenye mshono huishi akiogopa kugongwa kiwiko. Kama umeandikiwa dawa ya maumivu, toka baada ya kuipa muda wa kufanya kazi, kama nusu saa hadi saa moja kwa vidonge vingi vya kawaida. Lakini ikiwa ni dawa kali inayolevya, usitoke peke yako.

Vaa viatu vilivyofunga kisigino, visivyoteleza, ambavyo huhitaji kuinama kuvivaa. Nguo iwe pana, mkanda au mpira wa kiunoni usipite juu ya kidonda. Beba simu, maji kidogo, na kitambaa safi. Mengine yaache nyumbani. Mkoba mzito begani unaweza kukudhuru kuliko matembezi yenyewe.

## Hatua ya 5: Matembezi ya kwanza

Dakika 5. Ndiyo, 5 tu, na zinajumuisha kusimama. Ni bora utoke mara mbili au tatu kwa siku kwa dakika hizo kuliko mara moja kwa robo saa.

Mwendo sahihi unapimwa kwa mdomo. Uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi. Ukibaki na neno moja moja, punguza. Ukishindwa kuzungumza, simama. Tembea ukiwa wima kadiri mshono unavyoruhusu. Waliopasuliwa tumbo hujikunja bila kujua kwa kukilinda kidonda, kisha mgongo unaanza kuuma kuliko tumbo. Mikono iachie ibembee.

Kama umepewa fimbo moja kwa ajili ya mguu mmoja, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande unaouma kwa sababu ndivyo akili inavyodhani. Kwenye ngazi ulizoruhusiwa, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka pamoja na fimbo.

Geuza ukiwa bado na hamu. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa watu waliozoea kazi, ambao huona kurudi mapema ni kushindwa. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, na kwa aliyepasuliwa maneno hayo yana maana ya moja kwa moja.

Ukirudi, pumzika kwa kulala au kuketi miguu ikiwa imeinuliwa. Uamuzi wa kuongeza usiufanye wakati huo, kwa kuwa furaha ya kutoka hudanganya. Uufanye kesho asubuhi. Kama umeamka bila maumivu mapya na uchovu ni wa kawaida, ongeza dakika 1 au 2. Kama maumivu yamezidi ya jana, rudi kwenye kiwango cha juzi na ukae hapo siku mbili. Wengi waliopasuliwa tumbo au kifua, wakienda hivi, hufika dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo kufikia wiki ya 6. Wapo wanaofika mapema na wapo wanaochelewa. Umri, damu iliyopotea na ukubwa wa upasuaji vina sauti kubwa hapo kuliko juhudi.

## Hatua ya 6: Jifunze kutazama

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo furaha yenyewe ilipo.

Mtu mzima mwenye afya hutembea haraka mno kuona kitu. Wewe sasa huna haraka, na polepole hii uliyolazimishwa inakufungulia mambo ambayo wapitao kwa kasi hawayaoni. Tumia nafasi hiyo.

Chagua mti mmoja ulio ndani ya mzunguko wako na uutembelee kila siku. Usiubadilishe. Siku ya kwanza utaona mti tu. Baada ya siku kadhaa utaona upande gani gome lina kuvu, tawi gani linapendwa na ndege, sisimizi wanapandia wapi. Uguse. Gome la asubuhi lina ubaridi wake na la mchana lina joto lake, na kiganja kilichozoea shuka kwa muda mrefu hufurahia ukakasi huo.

Ukiweza, tafuta mti uliowahi kukatwa tawi. Kwenye lile jeraha utaona mdomo mnene wa gome umeuzunguka mkato, wakati mwingine umeufunika kabisa. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alionyesha kwamba mti hauponyi sehemu iliyoharibika kama ngozi inavyopona. Huizungushia ukuta ndani kwa ndani, kisha huota mbao mpya juu yake na kuendelea kukua. Mwili wako unafanya kazi tofauti. Kidonda chako kinajengwa upya kwa nyuzi za protini, na kufikia wiki ya 3 kovu huwa na karibu theluthi moja tu ya uimara wa ngozi ya awali, au pungufu. Huendelea kukaza kwa miezi hadi kufikia kama asilimia 80. Ndiyo maana unakatazwa kubeba vitu vizito wakati ambao kwa nje kidonda kinaonekana kimeshafunga. Simama mbele ya mti huo ukilijua hilo, na utaacha kukasirikia katazo.

Tega masikio. Simama, funga macho kama uko imara au umeshikiliwa, na utafute sauti ya mbali kuliko zote unayoweza kuisikia. Kisha ya karibu kuliko zote. Kisha upepo: unapita kwenye majani mapana au membamba? Kila aina ina sauti yake. Alfajiri ndege wengi huimba zaidi kuliko saa nyingine, kwa hiyo ambaye maumivu yamemwamsha mapema ana zawadi inayomsubiri mlangoni. Huhitaji kujua majina yao. Mpe kila mmoja jina lako mwenyewe kwa namna anavyolia, nawe kesho utamtambua.

Tazama chini pia. Sisimizi wanaopita kwa mstari wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao; weka jani jembamba katikati ya njia yao uone wanavyoparaganyika kidogo kisha kuipata njia tena. Asubuhi yenye umande, tafuta utando wa buibui wa duara. Wengi wa buibui hao huujenga upya kila siku, na huula ule wa zamani ili wautumie uzi wake tena. Usiiname kutazama; vitu vilivyo chini ya magoti vitazame ukiwa umekaa, au msindikizaji akupige picha akuonyeshe.

Mvua ikinyesha baada ya ukavu, fungua dirisha au simama barazani unuse. Sehemu ya harufu ile hutokana na kitu kiitwacho jeosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu hukinasa hata kikiwa kidogo kupindukia. Kwa mtu ambaye kwa siku nyingi amenusa dawa na spiriti, harufu hiyo peke yake ni matembezi.

Kuwa na daftari dogo. Kila ukirudi andika vitu vitatu: dakika ulizotumia, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kitu kimoja ulichokiona. Viwili vya kwanza vitamsaidia daktari wako siku ya kliniki. Cha tatu ni chako. Siku ambayo utahisi hupigi hatua, fungua kurasa za nyuma uzisome zote, na uzisome polepole.

## Hatua ya 7: Mtu wa kwenda naye

Kwa matembezi ya kwanza usiende peke yako. Msindikizaji mzuri hutembea kwa mwendo wako wala hakuvuti. Hukaa upande wako dhaifu, nusu hatua nyuma, tayari kukupa mkono bila kukubana kwapani. Hakuulizi "unaumwa?" kila dakika. Akizungumza, mazungumzo yawe ya kile mnachokiona. Habari za kazini, madeni na matokeo ya vipimo zina wakati wake mwingine. Mtoto mwenye umri wa kuelewa ni mwenza mzuri sana, kwa kuwa naye husimama kwa kila mdudu, mradi asivute mkono wako wala kuomba kubebwa.

Ukipenda ukimya, sema mapema: "Leo nataka tutembee bila kuongea." Anayekupenda ataelewa.

## Kukilinda kidonda huko nje

Kovu changa huungua upesi kwa jua na linaweza kubaki na rangi tofauti kwa muda mrefu. Lifunike kwa nguo kwa mwaka wa kwanza. Kovu lililofunga kabisa na lisiloweza kufunikwa lipakwe krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Dawa ya kufukuza mbu usiipake karibu na kidonda kibichi. Usiingie mtoni, ziwani, baharini wala kwenye bwawa hadi kidonda kifunge kabisa na daktari akubali. Kutia miguu tu majini ni sawa kama kidonda kiko mbali na miguu na mahali hapo hapatelezi. Vumbi likiingia kwenye bandeji, ibadilishe kwa mikono iliyonawiwa.

## Tofauti za upasuaji

Waliopasuliwa tumbo, wakiwemo waliojifungua kwa upasuaji, mara nyingi hukatazwa mizigo mizito kwa wiki 6 hivi. Mama mwenye kichanga atembee huku mtoto akibebwa na mtu mwingine, kama daktari hajaruhusu vinginevyo. Waliopasuliwa kwa matundu madogo hujisikia vizuri mapema na kwa hiyo hujisahau. Ndani kuna mshono kama wa wengine. Wengine hupata maumivu ya bega siku za kwanza kutokana na gesi iliyotumika, na kutembea taratibu huwasaidia wengi.

Mfupa wa kifua uliokatwa huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuunga. Waliokatwa mfupa huo waepuke kuvutwa na mbwa aliyefungwa kamba, kusukuma geti zito na kujishika kwenye matawi. Waliobadilishiwa nyonga au goti watembee kidogo mara nyingi, waweke barafu iliyofungwa kitambaani kama walivyoelekezwa, na waepuke viti vifupi na mawe ya chini ambayo kuinukia ni kazi. Waliopasuliwa jicho wakwepe upepo na vumbi, wavae miwani, wasiliguse. Wengine huagizwa kuweka kichwa katika mkao maalumu, na agizo hilo hushinda matembezi yoyote.

## Dalili za kusimama na kutafuta msaada

Nenda hospitali mara moja, au piga simu ya dharura, ukipata kubanwa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua, kukohoa damu au kuzirai. Huenda ni damu iliyoganda na kufika mapafuni.

Siku hiyo hiyo muone daktari kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu. Usiukande wala usiruhusu mtu aukande, hata kama amezoea kukanda watu. Damu iliyoganda inaweza kung'oka. Hatari hii haiishi siku ya kutoka hospitalini. Huendelea kwa wiki kadhaa.

Vilevile usingoje kliniki ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu au weusi unaosambaa kuzunguka mshono, usaha, harufu mbaya, kidonda kinachoachana, au kutapika mfululizo na tumbo limejaa. Damu ikilowesha bandeji, kaa chini, bana kwa kitambaa safi bila kuachia, na mtu mwingine apige simu.

Mvuto mdogo kwenye mshono, kuwashwa, ganzi karibu na kovu, na uchovu wa ghafla alasiri ni mambo ya kawaida kwa wengi.

## Siku ambazo moyo haupo

Zitakuja. Mara nyingi si siku za kwanza, wakati watu wamejaa nyumbani na kila mmoja analeta pole. Huja baadaye, wageni wakishapungua na nguvu bado hazijarudi. Siku hizo punguza dai. Usijiambie "nitembee", jiambie "nikakae nje". Dakika 10 za kukaa kwenye kiti ukiwa umejifunika, ukitazama jinsi kivuli kinavyosogea, zinahesabika. Mvua ikizuia, leta nje ndani: tawi kwenye chupa ya maji, mche kwenye kopo, mbegu iliyolazwa juu ya pamba mbichi inayochipua siku chache baadaye. Kumwagilia mche ni sababu ya kuinuka kitandani, na sababu ya kuinuka ndiyo unayoihitaji.

Lakini huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, usingizi ukikataa, au ukianza kuona hakuna haja ya kupona, mwambie daktari waziwazi kama ambavyo ungemwambia kuhusu usaha. Hali hiyo hutokea kwa watu wengi baada ya upasuaji na ina matibabu. Ukipata wazo la kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Kurefusha njia

Daktari akishakuruhusu, kwa kawaida baada ya kliniki ya wiki ya 6, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Wiki hii refusha muda. Wiki ijayo ongeza mteremko mdogo lakini usirefushe. Kisha ardhi isiyo sawa, kama njia ya msituni au mchanga wa ufukweni, ambayo huitumikisha misuli midogo ya vifundo na tumbo kuliko unavyodhani. Ukibadilisha vyote pamoja na ukaumia, hutajua kilichokuumiza.

Ukitaka kiwango cha kulenga kwa miezi inayofuata, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au zimegawanywa. Kwa anayepona hiyo ni habari njema: dakika 20 kwa siku 6 zinakufikisha, na siku ya 7 unapumzika.

Kabla ya kwenda peke yako njia ndefu ya kwanza, mwambie mtu unapita wapi na utarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji, maji yawepo, na kwenye karatasi mfukoni andika upasuaji uliofanyiwa, tarehe yake, dawa unazotumia na namba ya mtu wa karibu. Chagua njia ambayo ulishaipita na msindikizaji angalau mara moja, na wiki hiyo ya kwanza geuza pale pale mlipokuwa mkigeuzia.